Klachi ya Honda ya Babu

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wanaonifahamu wanajua sababu: tulikuwa na msiba. Leo nimerudi, na nataka kuwasimulia habari ya klachi ya pikipiki. Naomba msicheke. Najua mnatarajia mwandishi wa habari aandike kuhusu bajeti, uchaguzi au ufisadi. Hayo yapo na yataandikwa. Lakini klachi hii ndiyo iliyonifanya nifike kwenye mazishi ya babu yangu wakati watu wameshanawa mikono na kukaa kula makande, nami nikiwa na wasifu wa marehemu mfukoni mwa koti.

Nianze na pikipiki yenyewe. Babu alikuwa bwana shamba. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka milima ya Upare ya kusini akiwafundisha watu habari za matuta, kahawa na mbegu za mahindi. Mwaka 1984 alinunua Honda CG125 nyekundu kwa mkopo wa kazini, akaiendesha mpaka magoti yalipokataa kupiga kiki. Nilipohitimu chuo alinikabidhi vitu viwili: ufunguo na daftari. Humo alikuwa ameandika kila siku aliyobadili oili, kila waya uliokatika, kila sahani ya klachi aliyoweka mpya. Ufunguo niliupokea kwa mikono miwili. Daftari nikalitupia kwenye begi, nikasema nitalisoma nikipata nafasi.

Kwa wasiozijua Honda hizi, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wamezunguka nchi zetu hizi zinazoendelea wakaona jinsi tunavyotumia pikipiki: tunapakia magunia, hatubadili oili kwa wakati, cheni tunaikumbuka ikishakatika. Wakarudi kwao wakatengeneza injini ya kuvumilia watu kama sisi. Vali zinasukumwa na fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ndefu inayohitaji kukazwa mara kwa mara, na cheni ya tairi la nyuma imefunikwa isile vumbi. Injini hiyo ikawa maarufu hata Wachina wakaiiga, na pikipiki nyingi za Kichina zilizomiminika kwetu miaka ya 2000, kabla ya kanuni za mwaka 2010 kuzipa bodaboda leseni ya kubeba abiria, zilikuwa na injini ya ukoo huo. Ndiyo maana hadi leo Honda ya babu inapata spea kwenye maduka ya bodaboda.

Uimara huo ndio ulionidanganya. Chombo kinachosamehe sana kinamfanya mwenyewe asahau kwamba anakosea.

Sasa klachi. Wengi wetu tunaijua kama ile liva ya mkono wa kushoto, basi. Kumbe kazi yenyewe iko ndani, upande wa kulia wa injini. Kuna bakuli la chuma, na ndani yake sahani zimepangwa kama chapati: moja ina utando mgumu wa kushika, inayofuata ni ya chuma kitupu, tena ya kushika, tena ya chuma. Za kushika zinazunguka na injini, za chuma zinazunguka na gia. Springi nne zinazibana zote pamoja. Ukivuta liva, mbano unaondoka, sahani zinaachana, injini inazunguka peke yake. Ukiachia, zinashikana na tairi linapata nguvu. Na zote zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini.

Kama mwezi mmoja kabla ya msiba, Honda ilianza kunipa dalili. Kituo changu cha kazi ni Moshi. Nikipandisha Kibosho au Marangu kufuata habari, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Klachi ilikuwa inateleza. Mtu mwenye akili angesimama akauliza kwa nini. Mimi nilikuwa na haraka, nikafanya dhambi tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya oili, na hiyo nilikuwa nimeshaifanya bila kujua. Nilinunua oili ya gari, kopo zuri, bei nzuri. Oili nyingi za magari ya siku hizi zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Kwenye gari la kawaida la gia za mkono hakuna shida, maana klachi yake ni kavu, haigusani na oili. Lakini klachi ya pikipiki kama hii inakaa ndani ya oili, na msuguano ndio kazi yake. Wajapani waliliona jambo hili, na mwaka 1998 wakatoa kiwango chao cha oili za pikipiki kiitwacho JASO. Ukiona kopo limeandikwa JASO MA, hiyo ni ya klachi inayoogelea. Nilikuja kujua hayo baadaye.

Ya pili ilikuwa ya waya. Liva ya klachi inatakiwa icheze kidogo bila kazi kabla haijaanza kuvuta kitu. Kwenye Honda hii ni milimita 10 hadi 20, ukipima kwenye ncha ya liva. Sahani zikilika, mchezo huo unapungua wenyewe. Hapo ndipo unapotakiwa kulegeza waya. Mimi niliukaza! Nilipenda klachi ijibu nikiigusa tu. Sikujua kwamba kwa kuuondoa mchezo ule nilikuwa kama mtu anayeendesha huku amebonyeza klachi nusu saa zote. Springi zinataka kubana, waya unazizuia.

Ya tatu ni ile dawa ya vijiweni. Kijana mmoja aliniambia nitie washa moja chini ya kila springi ili zibane zaidi. Washa nne, shilingi mia chache. Sahani mpya zilikuwa na bei yake. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili, na siku hiyo sikuwatetea wenzangu. Tukafungua, tukatia washa, tukafunga. Liva ikawa ngumu hadi kiganja kinauma, lakini kuteleza kukapungua. Nikajiona fundi.

Babu alifariki Ijumaa usiku, mwezi wa Agosti. Mazishi yakapangwa Jumapili saa 8 mchana nyumbani Suji. Ukoo mzima ukakubaliana kwamba wasifu wa marehemu niandike mimi, na mimi ndiye niusome. Si ndiye mwandishi? Jumamosi nzima nilikuwa nahangaika na habari ambayo mhariri aliitaka kabla ya jioni. Wasifu niliuandika usiku, kwa mkono, kurasa mbili.

Kwa nini sikupanda basi alfajiri? Basi lingenishusha Makanya, nikasubiri gari la kupanda mlimani, ningefika mapema na kuungana na wenzangu. Lakini nilijiambia kwamba Honda ya babu ndiyo itakayonipeleka kwa babu. Niliona ni mwanzo mzuri wa makala. Sisi waandishi tumeponzwa sana na mianzo mizuri.

Nikaondoka Moshi saa 4 na nusu. Himo, Mwanga, Same. Kwenye tambarare Honda ilikwenda vizuri, na kila ilipojaribu kulalamika nilipunguza mafuta ikanyamaza. Makanya nilifika saa 7 na nusu, jua la utosi, upepo unarusha vumbi, mkonge umesimama kimya pembeni. Nilinunua maji, nikanywa nikiwa juu ya pikipiki. Chini ya mti, kando ya barabara, fundi mmoja mzee aliinua mkono. Nikamwinulia wangu, nikaondoka.

Barabara ya kupanda kutoka Makanya haina utani. Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, injini ikaanza kupiga mayowe na mwendo ukafa. Nikaweka gia ya kwanza. Ikatambaa. Halafu ikaja harufu, kama kwato zinazochomwa moto. Nikaongeza mafuta. Nasema ukweli, niliongeza mafuta. Honda ikanguruma mahali pamoja kama mtu anayekimbia ndotoni, kisha ikaanza kurudi nyuma.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga picha zile kurasa mbili nikazituma. Kwenye kona ile mtandao haukuwepo, nami nilikuwa nimesimama katikati ya mlima na koti jeusi. Niliisukuma hadi kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Mama mwenye nyumba alitoka, akaitazama, akasema: "Hii si pikipiki ya bwana shamba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema: "Pole, mwanangu. Wenzangu wote wameshapanda huko." Ilipita karibu nusu saa ndipo ikatokea bodaboda ya Kichina, mdogo wake Honda yangu kwa injini, ikanipakia nyuma ya gunia la unga.

Saa 9 na robo nilifika. Udongo ulikuwa umeshainuliwa na maua yamewekwa. Walikuwa wamenisubiri nusu saa, kisha baba mkubwa akasimama akausema wasifu kutoka kichwani. Simlaumu. Ni mzee, na alikuwa anazika baba yake. Alikosea mwaka wa kuzaliwa. Na alipowataja watoto wa marehemu, akamruka mmoja, shangazi yangu wa tatu.

Shangazi huyo ndiye aliyekaa na babu miaka yake ya mwisho, akimwogesha na kumlisha. Alikuwa jikoni siku ile. Ndiye aliyenipakulia makande. Aliniuliza kama nimechoka na safari, akanifunikia chakula cha pili kwenye bakuli. Kuhusu jina lake hakusema neno, na mimi kurasa zangu sikuzitoa mfukoni. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa pili, mstari wa tatu.

Jumanne niliifuata Honda. Niliiteremsha injini ikiwa imezimwa, mguu kwenye breki, hadi Makanya, hadi kwa yule mzee chini ya mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mjukuu wa bwana shamba. Jumapili nilikupungia usimame. Nilisikia klachi yako kabla sijaiona pikipiki."

"Nilidhani unanisalimia."

"Mtu akikusalimia, unapita?"

Sikuwa na jibu. Akavuta sanduku lake la spana, akaanza.

Oili ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Sahani za kushika zilikuwa zimebaki kama mifupa, na za chuma zimegeuka rangi ya buluu kwa joto. Zile washa nne alizitoa moja moja akazipanga juu ya kifuniko, kama ushahidi mahakamani. Akauliza nani kaziweka. Nikasema ni mimi.

"Springi hazikuwa na kosa," akasema. "Ulizionea bure."

Alizisimamisha zote nne kando ya springi mpya aliyokuwa nayo. Hazikuwa zimefupika. Akanieleza kwamba ukizibana zaidi unaongeza uzito kwenye liva, unaukata waya, na sahani zinaweza kushindwa hata kuachana vizuri ukitaka kubadili gia. Na sababu ya kuteleza bado iko palepale, umeifunika tu.

Sahani tuliagiza Same, zikaja na bodaboda jioni. Hakuzifunga. Kwanza alizipima moja moja kwa kuzilinganisha, kisha akapitisha tupa laini kwenye meno yake, maana spea za bei ndogo zinakuja na vikwaruzo. Kisha akanionyesha bakuli. Kwenye vidole vyake sahani za zamani zilikuwa zimechimba vishimo. Sahani mpya zikinasa humo, klachi inavuta hata ukiwa umebonyeza liva. Akavisawazisha kwa tupa, kidogo sana kila upande. Ukizidisha, sahani zitacheza na kugonga. Sahani za chuma alizilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha akachungulia. Moja ilipitisha mwanga chini yake: imepinda. Akaitupa na kuchukua nyingine. Alisafisha na kile kikombe kilicho mwisho wa krenki kinachochuja uchafu wa oili, kilikuwa kimejaa tope. Mwisho akazitia sahani za kushika kwenye kopo la rangi lenye oili safi, akafunika.

"Zilale humo. Ukizifunga kavu zitaungua siku ya kwanza. Na wewe kalale."

Sikulala mapema. Tulikaa nje, upepo wa Makanya ukapungua, na mzee akaanza kunisimulia. Alisema babu hakuwahi kupita pale bila kusimama. Kila alipotaka kupanda mlima alizima injini, akakaa chini ya mti huohuo mpaka ipoe, akaigusa liva kwa kidole kimoja kuona kama inacheza, ndipo akaondoka. Watu walimcheka kwamba anaiogopa pikipiki.

Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Alipokuwa kijana alikuwa akiziba pancha za baiskeli, hakujua injini. Honda ilikuja na kitabu chake, kwa Kiingereza, na Kiingereza hakukijua. Babu alikaa naye jioni kadhaa chini ya mti ule, akamtafsiria kitabu kile ukurasa kwa ukurasa, na pale ambapo neno la Kiswahili halikupatikana walishika kifaa chenyewe wakakigeuza mkononi. "Mimi ni mazao ya bwana shamba," akasema, akacheka. "Alinipanda hapa."

Ndugu zangu, kwenye kurasa zangu mbili kulikuwa na vyeo vya babu, shule alizosoma, vituo vya kazi na tarehe zake zote, sahihi kabisa. Mti wa Makanya haukuwemo. Ningeusoma wasifu ule Jumapili kwa sauti nzuri, watu wangesema kijana kaandika vizuri, na fundi huyu angekuwa amesimama nyuma anasikiliza habari za mtu mwingine.

Asubuhi tulifunga. Oili ya pikipiki, kama lita moja. Waya tuliulainisha kwa kudondoshea oili kwa bomba la sindano mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha akakaza nati ya waya, akalegeza, akakaza, akaniambia niguse. Liva ilicheza upana wa kidole bila kazi yoyote, ndipo ikashika. Nikasema mbona imelegea.

"Hiyo ndiyo nafasi yake. Usipoiachia nafasi ya kuachia, haitashika."

Nilipanda kona zilezile siku hiyo kwa majaribio. Honda ilipanda polepole, kwa sauti nzito ya chini, kama mzee anayeijua njia. Mama wa ile nyumba alinipungia, nami safari hii nilisimama.

Niliporudi Moshi nilitoa daftari kwenye begi. Kwenye kurasa za kila mwaka, kila palipoandikwa habari ya klachi, babu alimalizia na maneno mawili: "Nafasi, kidole." Lilikuwa limekaa kwenye begi muda wote huo likinisubiri nipate nafasi.

Sasa nafanya hivi, na anayetaka aige. Kila asubuhi kabla sijapiga kiki naigusa liva. Ikiwa haichezi, siondoki. Oili nasoma kopo kwanza. Injini ikilia na mwendo usiongezeke, nasimama siku hiyohiyo, siongezi mafuta. Na ninapokuwa na jambo la familia, mhariri anajua tangu siku moja kabla.

Desemba tulikutana Suji kujengea kaburi. Niliondoka Moshi alfajiri. Makanya nilizima injini, nikakaa chini ya mti mpaka ikapoa, fundi akafunga sanduku lake akapanda nyuma yangu. Mbele ya kaburi niliomba ruhusa kwa baba mkubwa, akaniruhusu kwa kichwa. Nikasoma wasifu mpya, kurasa tatu, mwaka wa kuzaliwa ukiwa sawa na mti ukiwemo. Nilipofika kwenye majina ya watoto niliyasoma polepole.

Nilipomaliza kulikuwa kimya. Shangazi alikuwa amesimama upande wa wanawake, kitenge amekishika mdomoni. Akakitoa.

"Baba," akaniambia, "pale kwenye watoto, hebu parudie."

Nikaparudia.